Anastase Habarurema, Mtu wa "Kidogo Tu"

Ndugu, majirani, wakristo wenzetu, mimi ni Viateur Nsanzimana, mdogo wa marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee njia aliyoipita Anastase Habarurema tangu kuzaliwa kwake mpaka jana saa tano asubuhi, nami nitaisoma polepole, mnivumilie, kwa sababu sauti yangu leo si ya kuaminika.

Anastase alizaliwa mwaka 1910 katika vilima vya Masisi, mtoto wa kwanza wa muzee Hitimana na mama Mukabalisa, akalelewa kwa desturi ambayo wengi wenu mnaijua, kwamba mwenye ng'ombe thelathini akiulizwa hujibu ana wachache wa kumpatia maziwa, na mgeni anaelewa, anatabasamu, haulizi tena. Wengine desturi hiyo tuliiacha malishoni, lakini mukubwa wangu alikuja nayo mpaka mjini.

Masomo aliyapata kwa mapadri upande wa Rutshuru, alikokaa kwa mjomba wetu kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na huko alibatizwa tarehe 3 Juni 1923, akajifunza useremala, na mwaka aliokuwa wa kwanza darasani alirudi nyumbani akamwambia baba kwamba hakuwa wa mwisho, basi baba akamhurumia mwezi mzima, mpaka katekista alipopita na kumwambia ukweli.

Mwezi wa Februari 1931 alifika hapa Goma, akafanya kazi katika karakana ya mbao kwa miaka kumi na sita, kisha mwaka 1947 akafungua yake mwenyewe mtaani Majengo, na benchi hizi mlizokalia asubuhi hii ni za mkono wake, hakuna hata moja inayocheza, lakini padri alipozisifu mbele ya watu wote Anastase aliinamisha kichwa akasema, "Zinakalika, padri." Mlima wa moto ulipowaka mwaka 1938, moto ukateremka mpaka ziwani upande wa Sake na anga ikawa nyekundu, sisi tuliobaki Masisi tulikosa usingizi kwa kumhofia, ndipo ikaja barua yake ikisema huku kuna joto kidogo.

Tarehe 13 Oktoba 1934, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Béata Nyirarukundo, na mimi mwenyewe nilimsikia Anastase akimweleza baba kwamba binti huyo "si mubaya", na maneno hayo shemeji yangu amemtania nayo kwa karibu miaka ishirini na mitatu, akimwekea chakula mbele na kumngoja aseme kimepikwa vizuri, naye anakula, anamaliza, anasema, "Inalika." Shemeji alikasirika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akaanza kucheka, na baadaye akawa ndiye anayetufafanulia sisi wengine, kwamba Anastase akisema inalika ujue ameshiba na kufurahi, akisema amechoka kidogo mwache alale.

Mungu aliwapa watoto wanne, Perpétue mwaka 1936, Honoré mwaka 1939, Lucie mwaka 1943, na Ferdinand, aliyezaliwa Mei 1946 akatutoka kwa surua Agosti 1948, na tuliporudi kutoka kumzika mtoto huyo, Anastase alisimama mlangoni muda mrefu, akasema nyumba imekuwa wazi kidogo. Sijasikia mtu akilia kuliko alivyolia yeye kwa maneno hayo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nasoma kilichotokea kama kilivyo. Alhamisi tarehe 4 Julai tumbo lilimshika katika karakana yake, ambako nami nafanya kazi, mke wake alikuwa Mugunga akivuna maharagwe kwa dada yake, basi mimi ndiye niliyemsindikiza dispensari, tukiwa tunasimama kila hatua kumi ili apumue. Muganga aliyetupokea ni mtu aliyetoka mbali, hajui desturi zetu, akamuuliza vizuri kabisa, "Muzee, inakuuma namna gani?" na mukubwa wangu, shati limelowa jasho, akamjibu, "Inanisumbua kidogo tu." Muganga akampa vidonge, akamwambia arudi ikizidi, na kosa si lake. Mimi nilijua ile kidogo ina uzito gani, neno lilinifika mdomoni, nikaona haya kumkosoa mukubwa mbele ya mgeni, nikanyamaza.

Jumatatu tarehe 8 Béata alirudi, habari za ugonjwa amezipata njiani, hakutua hata mzigo, akaniuliza, "Viateur, wewe ulikuwa naye, alisema nini kwa muganga?" nikamwambia, naye akatupa maharagwe chini akakimbia kutafuta gari. Hospitali walimpasua jioni ile ile, wakakuta ndani kumekwisha kuharibika, na Jumanne tarehe 9 Julai 1957 akatutoka, akiwa na miaka arobaini na saba.

Tunawashukuru madaktari na masista waliompigania mpaka mwisho, majirani wa Majengo walioleta sufuria, kuni na mikeka bila kuombwa, na maseremala wenzake waliotengeneza sanduku lake, wakapiga randa mpaka ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona.

Shemeji Béata, mbele ya watu hawa wote nakuomba msamaha, maana siku ile nafasi yako ilikuwa yangu na sikuisimamia.

Na wewe mukubwa, leo nimepita mbele ya karakana yako, mlango umefungwa, nikasimama kama mjinga nikisubiri unikaripie kwa kuchelewa, na ningetoa mkono huu wa kulia ili unigombeze hata mara moja tu. Nimekukosa sana, Anastase. Mungu akulaze pema.