Wimbo wa Lango na Nafasi ya Kasiana

Baba Padri, ndugu zetu wa Mshangano, majirani wa Matogoro na nyote mlioacha mashamba yenu kuja kutufariji, mimi ni Osmund, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ingawa kila mtu anajua kwamba mwenye sauti nyumbani kwetu alikuwa yeye, si mimi.

Marehemu Romwaldi Bartolomeo Mbawala alizaliwa Mshangano tarehe 14 Mei 1938, akaanza shule mwaka 1947 na kumaliza shule ya kati mwaka 1955, na huko ndiko mapadri walikomfundisha kusoma nota na kupiga kinanda, akavishika vyote viwili kuliko hesabu, jambo ambalo baba yetu hakulifurahia hata kidogo. Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa karani katika chama cha ushirika cha tumbaku, akafanya kazi hiyo kwa uaminifu hadi tarehe 30 Juni 1994, ushirika ulipoyumba, wafanyabiashara binafsi walipoingia, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa takatifu na Kasiana, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya aliyoiongoza, wakajaliwa watoto watatu, Leo, Benigna na Dorine, na sijawahi kuona watu wawili wakigombana sana kuhusu nyimbo na kupatana upesi vile. Kasiana alitutoka tarehe 3 Septemba 1994, na kama ilivyo desturi ya kwaya yetu, nafasi yake mstarini iliachwa wazi hadi misa ya kumbukumbu ya mwaka, kisha waimbaji wasogee na kuifunga. Misa ilisomwa, waimbaji wakasogea, kaka akawarudisha. Mwenyekiti wa kwaya, bwana Valence, alimsihi sana kwamba wafu waachwe wapumzike, naye akajibu kwamba hamzuii mtu kupumzika, ila siku nafasi ile itakapofungwa wajitafutie mwalimu mwingine, maana alikuwa na hofu moja tu, kuisahau sauti ya mke wake.

Krismasi ya mwaka 1995 alikuja Victor, mjukuu wa jirani yetu wa Mshangano, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo na watu wanaotengeneza michezo ya televisheni, ile inayochezwa kwa kubonyeza vitufe, akaisikia kwaya, akamwomba kaka atunge wimbo wa mchezo ambamo msafiri anapita msituni kutafuta lango, wimbo usio na mwisho, unaorudi mwanzo kila mara mpaka mchezaji afungue lango hilo. Kaka alitunga kwa miezi kadhaa, akaandika mstari mmoja wa sauti ya juu ambao hakumpa mtu, na tarehe 20 Julai 1996 kwaya ikarekodiwa kanisani, ile nafasi ikiwa wazi, yeye mwenyewe akiongoza kwa mikono bila kufungua kinywa, kisha Victor akaondoka na kanda ili okestra iongezwe huko.

Mchezo ulifika Songea mwaka 1998, katika banda la bwana Polikarp pale Majengo, ambako watoto hulipia kucheza michezo hiyo, nasi tuliokwenda kusikiliza tulisikia fidla na matarumbeta, tukawasikia waimbaji wetu, na juu yao wote tukamsikia Kasiana. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu, nikasema ni mitambo tu hiyo, nikampigia simu Victor, akaapa kwamba okestra ilipiga vyombo peke yake na hakuna mwimbaji aliyeongezwa. Kaka wala hakushangaa. Tangu siku hiyo akawa anakwenda bandani asubuhi, watoto wakiwa shuleni, akamfikisha msafiri mbele ya lango, akaiweka chini pedi ya kuchezea, akakaa kusikiliza, na ole wake ambaye angegusa kitufe cha kufungulia.

Januari mwaka huu wa 2001 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa hospitali ya Mbesa, kule alikoolewa Benigna, akapata nafuu, akarudi Matogoro. Asubuhi ya tarehe 9 Juni aliomba apelekwe bandani, Dorine akampeleka, akamfikisha msafiri mbele ya lango, na safari hii akalifungua mwenyewe. Dorine anasema wimbo haukukatika. Wakarudi nyumbani, kaka akanywa uji, akajilaza, hakuamka tena.

Jana mchana bwana Polikarp alileta televisheni na mashine yake hapa msibani, kwa sababu nilikuwa nimekataa kwenda kwake aliponiita nikasikilize, akawasha, nikasikiliza nimesimama, na chini ya sauti zote, katika wimbo ambao kaka hakuimba, kuna sauti ya besi sasa, inayovuta pumzi kwa pua kabla ya kila mstari, kama kaka alivyokuwa akivuta tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja utotoni. Niliogopa, ndugu zangu, na sioni aibu kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbesa, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ushirika, na bwana Valence, ambaye leo asubuhi, bila kuombwa na mtu, amewapanga waimbaji akaacha nafasi mbili. Kwaya itauimba wimbo huo kaburini, na kwa kuwa marehemu hakuuandikia mwisho, waimbaji watanyamaza watakapochoka, lakini tunawaomba msiondoke hapo hapo, subirini kidogo, ili wao wawili wamalize.

Kaka Romwaldi, msalimie shemeji, pumzika kwa amani.