Herufi Moja ya Kigothi kwa Baba

Ndugu, majirani na wote mliofika, kwa niaba ya familia, mimi binti yake wa pili nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Herufi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kupamba madaftari ya wenzake badala ya kufanya hesabu.

Januari 1965 aliajiriwa kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji mkabala na posta, na humo akakutana na herufi za kigothi, zile nyeusi, nene, zilizobanana, zenye kona kali kama zimechongwa kwa patasi, akazipenda, akabaki kiwandani humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Vyeti mlivyotundika sebuleni, jina la gazeti juu ya ukurasa wa kwanza, kadi za harusi, kibao cha kinyozi, hata fulana za vijana wa muziki wa makelele, vingi vilipita mikononi mwake, na kila mteja alihubiriwa kwamba herufi kubwa ya kigothi ni ya kuanzia neno tu, ukizipanga kubwa tupu hakuna atakayesoma, na aliyebisha alirudishiwa kazi yake.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 6 Septemba 1975, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, na Mama, ambaye hakuishiwa utani, alizoea kusema ameolewa na mtu anayeandika orodha ya sokoni kama cheti cha askofu.

Mama alipofariki tarehe 2 Agosti 2011, Baba alijifungia siku mbili katika karakana yake ya nyumbani, akatoka na msalaba wenye jina la Mama kwa herufi kubwa tupu za kigothi, mzuri ajabu, usiosomeka, na hakuna aliyethubutu kumwambia, mpaka mwaka uliofuata alipomkuta mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, amepiga magoti akipanga maua kwenye kaburi la pembeni, akidhani ndilo la dada yake. Alirudi siku hiyohiyo na kopo la rangi akaandika upya kwa herufi za kawaida, na mimi niliyeshika kopo nilimwona akilia kwa mara ya kwanza.

Februari 2023 alipata kiharusi kilicholemaza mkono wake wa kulia, akawa ananifundisha kuandika herufi kwa mkono wake wa kushoto na kwa karipio, akaniagiza kwamba katika msalaba wake herufi ya kwanza tu iwe ya kigothi, ili anayemtafuta ampate. Alifariki kwa utulivu Jumapili tarehe 19 Mei 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka 76.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomtolea kiti juani kila asubuhi, na wenzake wa kiwandani mliokuja kumtania mpaka wiki ya mwisho.

Baba, msalaba nimeuandika, nimeurudia mara tatu, herufi ya kwanza bado imeinama kidogo na najua ungenirudishia kazi, lakini leo asubuhi mama mdogo amesimama mbele yake, bila miwani, akasoma jina lako lote kwa sauti. Pumzika kwa amani, tukija kukutafuta tutakupata.