Mama Editha na Mstari wa Bei Ukutani

Mama Editha Komba anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na nne katika kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti hapa Morogoro. Wasifu huu nimepewa mimi, Mzee Mansuri, fundi seremala, kwa sababu kati ya waliomtangulia kuingia hapa nimebaki peke yangu. Shule yangu ni darasa la nne, lakini la nne la zamani. Nilishastaafishwa, wakanirudisha kwa mkataba, maana milango ilianza kugoma kufunga.

Alianza kama karani wa mizani. Wakulima wa Gairo waliokuwa wakificha mawe chini ya gunia wanamkumbuka. "Baba, na hili jiwe tulikamue?" Akapanda hadi mhasibu, na sisi wafanyakazi tukamfanya mhazini wa kikundi chetu cha kununua hisa.

Hisa hakuzinunua kwa kufuata habari. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani aliangalia bei ya soko la Dar es Salaam kwenye simu, akatia alama kwenye karatasi ya grafu iliyobandikwa ukutani karibu na kantini, akaunganisha mstari. "Habari ikifika Morogoro, wenzetu wameshakula na kunawa mikono," alisema. Chini ya mstari alivuta uzi mwekundu. Bei ikishuka chini ya uzi, tunauza siku hiyohiyo, hata redio isifu vipi.

Hakupatia kila mara. Hisa za benki moja tuliziuza kwa hasara. Sisi tukanuna, yeye akaenda kunywa chai. Mimi nilimbishia, redio yangu haijanidanganya bado, na hata leo nabisha.

Masika ya mwaka juzi redio ikatangaza kwamba kampuni ya saruji, ambako tuliweka karibu akiba yote, imezima tanuri. Mstari ukashuka, ukasimama juu kidogo ya uzi. Fungu la Mama lilikuwa la kuezeka nyumba yake ya Kihonda, ambayo kuta zake zilinyeshewa miaka bila bati. Tungeuza kwa bei ile, angestaafia kwenye chumba cha kupanga.

Katikati ya hayo akapata msiba, akaenda Songea. Alama za bei akamwachia Abeid wa stoo. Mvua ikateremka kutoka milimani siku mbili mfululizo, ukuta ukalowa chepechepe. Asubuhi Abeid anafika, mstari uko chini ya uzi! Dereva wetu Twalibu akapaza sauti: "Uza, bwana, uza! Mama si alisema siku hiyohiyo?" Abeid alishatafuta namba ya dalali. Ila moyo ukasita, akampigia Mama kwanza.

"Bei ya leo shilingi ngapi, mwanangu?"

"Bei sijaangalia, Mama. Nimeangalia ukuta."

Songea ikajibu: "Basi kaangalie bei."

Bei ilikuwa palepale. Iliyoshuka ni karatasi, kwa sababu Abeid aliibandika kwa uji wa ngano, ukalainika ukuta ulipolowa. Uzi haukusogea hata unywele, misumari yake niligongelea mimi. Naomba hilo lieleweke.

Baada ya miezi kadhaa bei ikaanza kupanda kabla redio haijasema lolote kuhusu tanuri, na kila ilipopanda Mama alinifanya niupandishe uzi nyuma yake. Mwaka huu mstari ulipoinama na kukata uzi, Mama akauza, wakati magazeti bado yanaimwagia sifa kampuni. Nikamwambia anatupa mali. "Mzee Mansuri," akanijibu, "baki na gazeti lako, mimi nabaki na bati langu." Tukagawana, na hakuna aliyenung'unika. Na mimi nilipokea.

Nyumba ya Kihonda sasa imeezekwa. Kenchi za paa nimepiga mimi, kwa hiyo upepo usijisumbue. Siku ya kwanza mvua kunyesha nilikwenda kukagua, nikamkuta kakaa sebuleni, simu kaiweka mbali, anasikiliza bati linavyolia. Hakunikaribisha mara moja. Nikasimama mlangoni nikamwacha.

Mama Editha, kwa niaba ya kiwanda kizima, asante kwa kutulindia jasho letu. Mungu akupe afya na wajukuu wenye kelele. Jioni zako sasa ni zako. Lala mapema, bei itajijua.