Wa Tatu Yuko Wapi?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa kwenye mabenchi, na ninyi mliosimama mlangoni mkidhani Mungu hawaoni! Mimi ni Naomi, nesi wa zahanati yenu, yule yule anayewadunga watoto wenu sindano mpaka wakiniona njiani wanakimbilia kwenye mtama. Leo sina sindano, wapendwa. Leo nina shukrani, na mguu huu unaochechemea ndio shahidi wangu.

Wengi wenu mlifika hapa wakati ule wa kuhamia vijijini, mkanikuta mjane. Hamkumjua mume wangu. Elia alikuwa bwana afya, akizunguka kwa pikipiki kukagua visima na vyoo. Mtu wa mzaha, asiyekasirika. Siku moja ya kiangazi alikuwa anarudi nyumbani kutoka Ikungi, akaingia kwenye vumbi la basi lililotangulia. Ndani ya vumbi lile lilikuwamo lori lililotoka upande wa pili. Hawakuonana. Polisi wakaja, wakapima barabara kwa kamba, wakasema hakuna mwenye kosa, kosa ni la vumbi. Ndugu zangu, vumbi utalishitaki wapi?

Tangu tulipomzika nikaanza kuota ndoto moja, ile ile. Naona barabara nyeupe, ndefu, haina mtu wala mbuzi. Kwa mbali linakuja lori, nalo halina sauti. Linakuja polepole kama ng'ombe anayerudi zizini jioni. Mimi nasimama natazama kioo chake cha mbele nimwone dereva, na ndani hamna mtu! Usukani unageuka wenyewe, unageuka kunifuata mimi. Hapo naamka nimeloa jasho, nasikia jogoo wa jirani, na sijui kama nimeamka kweli au bado naota.

Hata mchana wangu ukawa kama ndoto. Nikisikia lori naacha barabara, naingia kwenye miiba, nachuchumaa humo mpaka lipite na vumbi litue. Akina mama waliniuliza, "Nesi, unachimba dawa huko porini?" Nikajibu, ndiyo, nachimba dawa. Kumbe nilikuwa nakufa kwa hofu, na chini ya hofu mlikuwa na uchungu. Kwangu mimi madereva hawakuwa watu wa kuchukia wala kupenda. Hawakuwamo kabisa. Lilikuwapo lori tu, linajiendea.

Likaja agizo la chanjo ya watoto. Vijiji vipya vilikuwa vimeanzishwa kule kwenye vichaka vya Itigi, na watoto walikuwa hawajachanjwa. Walitakiwa watumishi watatu wanaojua kuendesha pikipiki. Mimi nilijua, kwa kuwa Elia alinifundisha kwenye uwanja wa shule, akikimbia pembeni yangu na kupiga kelele, "Klachi, mke wangu! Klachi!" huku shule nzima inacheka madirishani. Nikavaa suruali yake ndani ya gauni langu. Wazee wa kanisa walinong'ona. Wapo humu, nawaona, leo wanatabasamu.

Mkuu wa msafara alikuwa Bwana Salumu, mganga msaidizi kutoka Singida mjini, Mwislamu aliyekuwa haanzi safari bila kuswali. Msinitazame hivyo, wapendwa! Mungu hamwulizi mtu kadi ndipo amtume. Wa pili alikuwa kijana wetu Mika, aliyefunga sanduku la barafu lenye chanjo nyuma ya kiti chake kama anabeba yai.

Kabla ya kuwasha, Bwana Salumu alitusimamisha akatupa sheria zake. Alikuwa ameshika kijiti, akichora mchangani.

"Hatuendi sambamba kama maharusi," akasema. "Mimi nitashika katikati ya upande wetu, wa pili akae ukingoni kushoto, wa tatu kama mimi. Mkienda hivyo, kila mmoja anaona mbele, na mwenzake akifunga breki hamgongi. Anayekwenda taratibu kuliko wote ndiye anayepanga mwendo. Tukisimama, tunasimama upande mmoja wote. Mnawajua mbuzi? Mama akiwa huku na mtoto kule, gari likija mtoto lazima avuke. Sisi tusiwe mbuzi."

Mika akacheka. Mimi sikucheka.

"Na kila mtu ana mtu wake," akaendelea. "Mtu wako ni yule aliye nyuma yako. Usipomwona, simama, rudi."

Alitaka mimi niwe wa pili, kati yake na Mika. Nikamwomba anipe nafasi ya mwisho. Nikamdanganya kwamba moshi wa wenzangu unaniumiza kifua. Ukweli ni kwamba nilitaka nafasi ya kuingia miibani bila kuonwa. Alinitazama sana, akakubali kwa shingo upande.

"Basi mimi wa mwisho, mtu wangu ni nani?" nikamwuliza. "Nani wa kunitazama mimi, zaidi ya Mika?"

"Dereva," akasema.

"Dereva gani, Bwana Salumu?"

"Yeyote tutakayekutana naye, dada. Mimi wa mbele nitamwinulia vidole viwili, maana yake wawili wanakuja nyuma yangu. Yeye atahesabu. Barabara ni yetu na yake, hatuwezi kuitumia bila kuaminiana."

Ndugu zangu, moyo ulinikauka! Nimwamini dereva? Nilipanda pikipiki nikiwa nimeshakata tamaa kabla hatujavuka hata mto wa mchanga ulio hapo chini.

Lakini niwaambie ukweli, safari ile ilikuwa nzuri. Tulipita Issuna jua likiwa bado changa, watu wakaacha karanga zao sokoni kunitazama mimi, mwanamke juu ya pikipiki. Tukaingia kwenye njia ya Itigi, vichaka vikatusogelea pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe juu yetu. Mizinga ya nyuki ilining'inia kwenye miti. Vumbi la wenzangu lilielea mbele yangu, jekundu, na jua lilipolipiga likageuka kama unga wa dhahabu. Ndani yake nilimwona Mika akitokea na kupotea, akitokea na kupotea. Mlio wa pikipiki ukawa kama wimbo wa kumbembeleza mtoto. Nikajikuta nimesahau miaka yote. Nikajikuta naongea na Elia kwa sauti, namwambia, "Tazama, klachi naijua."

Ndipo nikasikia lori.

Lilikuwa bado mbali, linanguruma mbele yetu kwenye kilima. Nikatafuta pa kuingilia kwenye kichaka, lakini vichaka vya Itigi mnavijua, hata mbwa hapenyi. Nikageuza macho kutazama kando badala ya njia, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, pikipiki ikanitupa, ikanilalia mguu. Nikasikia mfupa ukivunjika. Nikawa chini, katikati ya barabara, na vumbi langu mwenyewe likanifunika kama shuka.

Wapendwa, pale chini palikuwa kimya. Sijui niwaelezeje. Maumivu yalikuwapo, lakini yalikuwa mbali kidogo, kama ya mtu mwingine. Jua lilikuwa duara jeupe ninaloweza kulitazama bila kufumba macho. Nyuki walikuwa wanavuma. Nikamwona Elia amekaa kando yangu mchangani, shati lake jeupe halina hata chembe ya vumbi. Nikamwambia, "Elia, nisogeze." Hakunisogeza. Alikaa tu, ametulia, kama mtu anayesubiri wageni ambao anajua watafika. Ardhi ikaanza kutetemeka chini ya shavu langu. Lori linashuka.

Nilijaribu kuivuta pikipiki, haikutoka. Nilijaribu kupiga kelele, vumbi likanijaa kinywani. Nikataka kuomba, ndugu zangu, na mimi ninayewaombea wagonjwa kila siku sikupata maneno! Nilipata moja tu. Nikasema, "Bwana, nihesabu na mimi." Hata sijui lilitoka wapi. Sikuwa hata nimewaza vile vidole vya Salumu. Nilijisikia tu nimeachwa nje ya hesabu ya watu walio hai.

Na lile lori likatokea kwenye vumbi, kubwa, polepole, vile vile kama kwenye ndoto yangu. Nikainua macho kwenye kioo cha mbele. Nikasema moyoni, sasa nitaona usukani unageuka wenyewe.

Mlikuwa na mtu ndani!

Haleluya! Ndugu zangu, mlikuwa na mtu! Mzee mwenye kofia ya kufuma, macho yamemtoka, jasho linamtiririka, amesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili kama mtu anayekanyaga nyoka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaomba kama mimi. Lori likalia, likayumba, likasimama. Bampa lilikuwa juu yangu hivi, kiasi kwamba nilinusa mafuta ya injini.

Akashuka. Akakaa chini mchangani mbele yangu. Akanishika mkono, akaubana kama mtu anayezama, mpaka mimi niliyevunjika nikaanza kumtuliza yeye. "Pole, baba," nikamwambia. "Pole, nimekutisha."

"Wa tatu," akawa anasema. "Mama, wa tatu. Yule wa mbele aliniinulia vidole viwili. Nikapishana na mmoja, nikangoja mwingine. Nikangoja. Hakutokea. Nikajiuliza, wa tatu yuko wapi? Nikakanyaga breki kabla sijaona kitu."

Kabla hajaona kitu, wapendwa! Alisimama kwa sababu ya mtu ambaye hakumwona. Mika na Bwana Salumu wakarudi mbio, Mika analia waziwazi kwa sababu aligeuka nyuma akaona vumbi tupu. Bwana Salumu alifunga mguu wangu kwa vijiti, akitaja jina la Mungu kila fundo.

Lori lile lilikuwa limebeba familia zinazohamia kijiji kipya. Walishuka wote, akina mama, kuku, mawe ya kusagia, wakanitandikia godoro lao juu ya magunia ya uwele. Bibi mmoja nisiyemjua alikipakata kichwa changu njia nzima. Dereva akageuza gari kurudi Itigi, hospitalini. Na mimi niliyekuwa nakimbia kila lori, nililala usingizi juu ya lori. Sikuota chochote.

Siku ya pili yule dereva akaja kunijulia hali, ameleta asali kwenye kibuyu. Nikamsimulia habari za Elia. Akavua kofia yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," akasema, "dereva yule namjua. Anaitwa Ntandu. Baada ya siku ile hakushika usukani tena. Lakini alikuwa anakuja pale tunapopakia mizigo, anatuambia sisi wote, mkiona vumbi, hesabuni watu. Msiyaamini macho, hesabuni. Sisi tulidhani amechanganyikiwa. Nimehesabu jana kwa sababu yake."

Ndugu zangu, niligeukia ukutani nikalia. Mtu niliyemfuta kwenye dunia ndiye aliyekuwa anatembea akiniokotea uhai wangu kabla sijauangusha!

Mguu ulipopata nguvu nilikwenda kumtafuta Ntandu. Bwana Salumu alinipeleka kwa pikipiki yake, tukaenda mwendo wa taratibu, magari yakipita tunasogea kushoto, tunawapungia mikono madereva nao wanatupungia. Tulimkuta Ntandu shambani kwake, ng'ambo ya Issuna, anapalilia alizeti. Mzee mwembamba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamtajia jina la mume wangu. Jembe likamwanguka.

Mkewe alituletea kigoda na maji. Tukakaa, upepo ukitembea juu ya alizeti, maua yote yametugeuzia uso. Mwisho yeye ndiye aliyeanza.

"Nilikungoja, binti yangu. Nilikuja mpaka uani kwenu wakati wa matanga, nikashindwa kuingia. Nina kitu chako. Nimekaa nacho, kinanielemea, si changu."

Nikamwuliza ni kitu gani.

"Hakufa pale pale," akasema. "Watu walikwambia alikufa pale pale ili usiumie. Alikaa kidogo. Nilimweka kichwa chake pajani pangu, nikamkinga jua kwa shati langu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza jina langu, nikamwambia. Akasema, 'Ntandu, usiniache hapa peke yangu.' Nikamwambia siendi popote. Sikwenda popote, binti yangu. Nilimshika mpaka akatulia, na hata alipotulia sikumwachia."

Wapendwa, nilikuwa nimeishi miaka nikiamini kwamba mume wangu alikufa barabarani kama mbwa, peke yake, chini ya kitu kisicho na mtu ndani. Mungu alikuwa amemwekea mtu. Nami nilikaa na kiu hiyo yote kwa sababu kisima kilikuwa uani kwa yule niliyekuwa namkimbia. Asante, Yesu! Asante kwa Salumu, asante kwa mzee wa kofia, asante kwa Ntandu!

Wewe uliyekaa hapo, unamjua mtu ambaye hutaki hata kupishana naye njiani. Simwulizi yeyote jina lake. Nakuomba tu umwamini Mungu leo, halafu uende kwake. Usiende na maneno mengi. Mpe salamu, kaa kwenye kigoda, kunywa maji atakayokupa, umwache aseme. Huenda ana kitu chako.