Mzee Buhendwa Osée na Ngazi Aliyomuahidi Mkewe

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo: ufundi wa ngazi za mbao umefiwa katika Kamembe nzima, na ngazi moja imebaki yatima.

Mzee Buhendwa Osée alizaliwa Bukavu tarehe 14 Agosti 1962. Alisoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari, akaacha siku mwalimu alipomwambia kuwa pembetatu hazina faida nje ya daftari. Akavuka mpaka, akafungua karakana Kamembe mwaka 1989.

Siri yake ilikuwa gabari: kipande cha ubao mwembamba wa tripleksi alichokikata mwenyewe kuongoza mashine inapochimba mifereji ya vidato, kwenye ubao wa kushoto, kisha, akiigeuza, kwenye wa kulia. Kila nyumba na gabari yake. Mteja mmoja alimletea ya chuma, ya dukani. Mzee aliipima, akamrudishia: "Papa, hii ni ya batu ba miguu mirefu. Bibi yako atapanda kama mbuzi."

Mwaka 1998 alimwoa Épiphanie Mukeshimana wa Nyakabuye, akamjengea ghorofa. Ngazi akaahidi. Miaka ishirini na sita Maman Épiphanie akapanda kulala kwa eshele, ile ngazi ya kuegemeza ya wapaka rangi, na mimba ya Umwali, na beseni.

"Papa Umwali, umepandisha Kamembe yote. Na mimi?"

"Ngoja. Gabari yako inataka ubao muzuri."

Februari 2025 Maman alirudi kutoka sokoni akakuta kabati la vyombo halina mlango. Mlango ndio umekatwa kuwa gabari. Alipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Kumbe ulikuwa njiani. Alhamisi tarehe 6 Machi, ubao wa kwanza umekwisha, mtu ambaye hakuwahi kumeza hata kidonge alianguka juu ya maranda. Damu imevujia kichwani, wakasema madaktari. Mpaka sasa tumeduwaa. Jumanne tarehe 11 alituacha.

Ameacha mjane, binti yake Umwali, fundi kama yeye, wadogo wawili wa Umwali na kabati lililo wazi. Mungu ampokee, na huko apumzike kweli, huku hakuzoea.

Maneno yake ya mwisho, familia imeomba yasomwe. Asubuhi ya Jumanne hiyo Umwali aliingia wodini mbio, simu mkononi, pasta yuko katikati ya sala.

"Papa, angalia! Nimekata ubao wa pili na gabari yako. Maman atapanda!"

Maman Épiphanie akapiga magoti. Pasta akatunyamazisha: mzee ana neno. Mzee aliitazama picha ya zile mbao mbili, akaitazama tena, akanong'ona:

"Zote ni za kushoto."