Kuta Zilizolowa kwa Heshima ya Mzee Esekon

Baada ya miaka ishirini na moja ya kukagua nyumba za watu, Mzee Esekon anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni 2013. Aliingia ofisi yetu hapa Lodwar mwaka 1992, wakati mashirika ya wakimbizi yalipokuwa yanatafuta nyumba za kupanga Kakuma na hakuna aliyejua ni ipi itavuka msimu wa mvua. Ngazi aliyokuja nayo siku ile ndiyo anayotuachia. Ametuonya tusiikalie kama benchi.

Kwa wasioijua kazi yake: mtu akitaka kununua nyumba, kabla hajatoa pesa anamtuma Mzee akaiangalie. Mzee anapanda juu ya mabati, anaingia chini ya kenchi za paa na tochi, anagonga plasta kwa kidole, anafungua kabati zote, anachungulia mpaka shimo la choo. Anayemlipa ni mnunuzi, na ripoti ni ya mnunuzi. Lakini mtu aliyemhurumia siku zote ni muuzaji. Muuzaji amekaa mlangoni kwa nyumba aliyolelea watoto, anamtazama mgeni akichokora ukuta kwa bisibisi, na hakuna aliyemweleza ni kwa nini.

Si kwamba hakuwahi kuharibu kitu. Wakubwa wetu wanakumbuka alivyopanda darini kwa mchungaji mmoja, ubao wa silingi ukakatika, na miguu yake ikabaki inaning'inia juu ya meza watu wakila. Sauti ikatoka huko juu: "Samahani jamani. Aliye na kalamu aandike hapa pameoza."

Ila cha kukumbukwa zaidi ni nyumba ya Mama Apua.

Mama Apua alikuwa anauza nyumba yake Kakuma mjini, mwezi wa Mei mwaka jana, mvua zikiwa zimetoka tu kunyesha. Binti yake ana shida ya mfupa wa mguu na daktari alimtaka hospitalini Lodwar kila wiki. Barabara ile tunaijua. Kuna wiki mtoto alifika amelala, amechoka hata kumwonyesha daktari panapouma. Basi mama akaamua: auze, ahamie karibu na hospitali. Mnunuzi alipatikana, Mwalimu Nanok, aliyekuwa amehamishwa kutoka Kerio kuja kufundisha Kakuma. Mwalimu akasema atanunua, Mzee Esekon akishaiona.

Sasa, sisi huku mgeni wa maana akija tunamwaga maji. Vumbi linashuka, nyumba inapoa, mgeni anajua amengojewa. Mama Apua alianza kuchota alfajiri pamoja na mpangaji wake Adhieu, mama wa Kisudani anayeuza chai karibu na stendi. Wakamwagia ua. Wakamwagia sakafu. Maji yalipobaki, Adhieu akasema, "Mama, tumwagie na ukuta. Huyu mzee ametoka mbali, apate baridi." Wakamwagia kuta zote, ndani na nje.

Mzee akafika, akasalimia kwa Kiturkana, ejok, akaweka kiganja chini ya ukuta. Kikalowa. Akazunguka nyumba nzima, kila mahali vilevile. Kwa mkaguzi, ukuta uliolowa chini maana yake maji yanapanda kutoka kwa msingi, na laga, mto wetu wa msimu wa mvua, haiko mbali na hapo. Mwalimu Nanok hakutaka kuona zaidi. "Mzee, twende zetu. Hii nyumba inakunywa laga."

Mama Apua alisikia.

Mzee hakuandika kitu. Aliziona ndoo pale mlangoni, akaiona miguu ya Adhieu yenye tope mpaka magotini. Akauliza maji haya ni ya nini. Mama Apua akamjibu kwa uchungu, "Si ni kwa ajili yako!" Mzee akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akamwambia Mwalimu hawaendi popote: maji ya ndoo yataondoka na jua, maji ya msingi yatabaki, wao wangoje tu. Chai ikaletwa. Mwalimu alikunywa amenuna, na Adhieu hakumwacha. "Mwalimu, shule yote hiyo, hujawahi kuona ukuta umeoga?"

Kufika saa tisa kuta zilikuwa zimekauka, zimerudi rangi yake ya vumbi. Zote isipokuwa kona moja ya nyuma. Mzee alivuta kabati lililoziba pale, na doa likaonekana limepanda mpaka gotini, plasta inabomoka ukiigusa. Laga iliwahi kuingia, kweli.

"Hili kabati mlilisogeza hapa lini?" akauliza.

"Jana," akasema Mama Apua.

"Juzi," akasema Adhieu. "Jana tulipumzika."

Hapo Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza. Mama Apua hakucheka. Alisimama mbele ya Mzee, machozi yakimlengalenga. "Umekunywa chai yangu. Vikombe viwili. Sasa unaandika nyumba yangu ni mbaya?"

"Chai nimekunywa, mama, na kona nimeiona. Yote mawili ni kweli."

Akamwomba Mwalimu ruhusa, akamkalisha Mama Apua, akamweleza polepole. Kwamba ukaguzi si mtihani, hakuna kupita wala kuanguka. Kwamba haandiki nyumba ni mbaya, anaandika palipoharibika na namna ya kupatengeneza. Kwamba mnunuzi akisoma anaweza kutaka patengenezwe, au bei ishuke, au anaweza kuacha kabisa, na hata akiacha si matusi. Kinachomfukuza mnunuzi haraka kuliko ufa wowote ni kabati lililosogezwa.

Kisha akaandika kona ile ilivyo, bila kupunguza.

Wiki mbili Mwalimu alinyamaza. Simu za Mama Apua nilizipokea mimi, mchapaji wa ofisi, na kila mara nilimpa Mzee akiwa ameshanyoosha mkono. Hakumwahidi kitu, kwa sababu uamuzi haukuwa wake. Alimuuliza tu mtoto ameamkaje. Wenzake ofisini tulimsihi ampigie Mwalimu amsukume kidogo. Alikataa. Alisema akimsukuma huyu leo, kesho hakuna atakayeamini anachokiandika, si mnunuzi, si muuzaji.

Mwalimu akarudi mwenyewe. Alitaka mtaro uchimbwe nyuma ya nyumba na ile kona ibomolewe, ijengwe upya kwa mawe. Mama Apua akafanya, Mwalimu akanunua. Na Mama Apua alipopata kanyumba Lodwar, alimtuma nani akakague? Walipofika kwa muuzaji, Mama Apua ndiye aliyetangulia getini akipiga kelele: "Msimwage maji! Huyu mzee anapenda vumbi!"

Tangu hapo Mzee alituwekea desturi, na haiondoki naye. Siku moja kabla ya ukaguzi tunampigia muuzaji simu, kwa maneno yake: nyumba iache ilivyo. Usipake rangi, usisogeze kabati, usimwage maji. Mkaguzi atakaa kama nusu siku. Atauliza mafuriko yalifika wapi, umwambie. Chai mpe ukipenda, ila haitabadilisha kitu.

Nasi wa ofisini alitutendea hivyohivyo. Nilipotoka uzazini nikirudi kazini sijalala, alimbeba mtoto nikachapa, kisha akanirudishia ukurasa niliouchapa nikisinzia, umejaa makosa. Mtoto aliendelea kumbeba mpaka nikaurudia.

Binti wa Mama Apua siku hizi anakwenda kliniki kwa miguu yake, polepole, na anafika akiwa macho. Kwa sherehe ya Ijumaa mama yake ameomba kazi moja tu, nayo ni kuandaa ua. Adhieu anakuja na basi la Kakuma kumsaidia. Kabla Mzee hajafika watakuwa wamemwaga maji ua mzima, na kuta za ofisi yetu mpaka madirishani.

Asante, Mzee Esekon. Nenda nyumbani ukapumzike, upate afya na usingizi wa mchana. Na Ijumaa ukifika ukute nyumba imepoa, kaa, unywe chai. Ukuta usiuguse. Safari hii maji ni yako kweli.