Pamba ya Upande wa Kushoto

Benchi lile liko mbele ya duka la fundi cherehani, na wenyewe ni watatu: Fundi, Hakimu, mshona viatu asiyekosa hukumu ya jambo lolote, na Daktari, ambaye udaktari wake wote aliupata akiendesha gari la wagonjwa. Asubuhi hiyo walikuwa wametoka ng'ambo ya barabara kutazama maonyesho ya sanaa kuhusu mavazi na mwili. Waliingia kwa kuwa ni bure. Waliona makalio ya sponji, koti la kucha za bandia, na gauni la kijani lililoning'inizwa peke yake, limegeuzwa ndani kukawa nje, kifuani upande wa kushoto lina kifuko cha pamba. Fundi alilitambua papo hapo. Mshono ule ulikuwa wake, na mwenye gauni alimwapisha asimwambie mtu.

— Kucha nimezielewa, alisema Hakimu akimimina kahawa. Lakini lile gauni! Pamba upande mmoja! Fundi wake alikuwa usingizini?

— Wapi! Ule mfuko wa siri, akadakia Daktari. Watu wanapitishia dhahabu uwanja wa ndege.

— Dhahabu kwenye pamba?

— Isigongegonge. Mimi nimebeba wagonjwa bwana, nimeona mengi.

— Sasa mbona mfuko mmoja? Mwizi gani anaiba nusu? Sikiliza hukumu: fundi alianza kushoto, pamba ikamwishia, akaona aibu kusema.

— Basi ni mto. Mwenyewe akichoka mkutanoni anainamisha shingo hivi, anakoroma.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka. Pamba ile aliipima kwenye mizani ya jirani muuza viungo, ili uzito ulingane na bega lisipande. Alifumua mara tatu. Ulimi ulimwasha kusema, lakini angeteteaje kazi yake bila kumwanika mwenye gauni?

— Fundi, mbona umenuna? aliuliza Hakimu. Wewe ungeshona vile?

— Labda... labda alikosea, alisema Fundi, na maneno hayo yalimuuma kweli.

— Umesikia! Hata mwenzake kamkana. Fundi hasa ni yule anayemshonea Mwalimu wa shule ya hapo juu. Anapita hapa miaka nenda rudi, sijaona nguo imemkaa vibaya.

— Hapo hakuna cha fundi, alisema Daktari. Lile ni umbo la kuzaliwa.

Fundi akainamia kikombe. Mwalimu alikuwa mteja wake, ila huja jioni, kwa mlango wa nyuma.

Mara Mwalimu mwenyewe akatokea, anavuka barabara kutoka kwenye maonyesho.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Mwalimu!

— Nimewasikia toka barabarani. Mlikuwa mnabishania gauni langu?

Hakimu akaweka birika chini.

— Nililitoa mwenyewe, akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuita majina darasani. Nikaomba ligeuzwe, watu waone kazi ilipo. Titi la kushoto nilikatwa hospitali, huu mwaka wa sita. Fundi, unisamehe sikukwambia. Niliogopa utanikataza.

Hakimu akatazama viatu vyake.

— Mwalimu, sisi tulikuwa tunapiga soga tu... tulisema fundi alikosea...

— Alikosea? Baba zangu, napita mbele yenu kila asubuhi. Ni nani kati yenu aliyegundua?

Hakimu akatikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Akakimimina chote, akampa Fundi kwa mikono miwili.

Fundi alikuwa analengwa na machozi, na hakuona haya. Akakiweka kikombe benchini, akainuka, akasukuma mlango wa duka ukawa wazi kabisa, watu wote wa barabarani wakiona.

— Gauni la mahafali liko tayari, mwanangu. Ingia tujaribu. Pitia hapa mbele.